Pikipiki Iliyotumika: Anza na Breki, Injini Itasubiri

Mavuno yakishaingia ghalani na wanunuzi wakishapita, simu ninazopokea hubadilika. Wakati wa kupanda mnaniuliza mbegu na mbolea. Kuanzia Julai mnaniuliza pikipiki. "Bwana shamba, kuna Boxer inauzwa hapa kwa jirani, niichukue?" Nikiuliza ikoje, jibu huwa moja: injini haijafunguliwa, rangi bado inang'aa, tairi la nyuma jipya. Breki hazitajwi. Nikiziuliza mimi, naambiwa "hizo ni za kurekebisha tu bwana shamba, fundi atakaza."

Leo nataka kubishana na jibu hilo. Kwa mtu anayebeba mizigo ya shamba, breki ndicho kitu cha kwanza kukagua kwenye pikipiki iliyotumika, na injini ni cha pili. Injini ikiwa mbovu, pikipiki itakataa kuwaka au itatoa moshi, na wewe utakaa pembeni ya barabara ukimsubiri fundi. Hiyo ni hasara ya siku moja na fedha kidogo. Breki mbovu hazikukatazi safari. Zinakuruhusu upakie gunia mbili, uanze kuteremka, halafu ndipo unagundua.

Na mzigo ndio unaobadilisha hesabu yote. Pikipiki ndogo za kwetu zina uzito wa kilo 120 hivi. Weka dereva wa kilo 65, weka kabichi au viazi kilo 165, umefika kilo 350. Mchukue mtu huyo anayetoka Lushoto kushusha mboga Mombo. Lushoto ipo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mombo ipo mita mia nne na kidogo. Kimo chote hicho kinachoshuka lazima kigeuke kuwa joto mahali fulani, la sivyo pikipiki inazidi kukimbia. Ukipiga hesabu ni joto linalotosha kuchemsha karibu lita kumi za maji baridi. Upepo unachukua kiasi, matairi yanachukua kiasi, injini ikiwa kwenye gia inachukua sehemu kubwa. Kinachobaki kinaingia kwenye vikombe viwili vya breki ambavyo kila kimoja kinaenea kwenye kiganja cha mkono.

Ndiyo maana nakasirika ninapoona vijana wanaachia fri mlimani ili kuokoa mafuta. Ukiweka fri, umeiondoa injini kazini, na joto lote umelisukumia breki. Breki za kikombe zikipata moto sana, kikombe kinatanuka na kujitenga na breki shuu, na breki shuu zenyewe zinapoteza uwezo wa kushika. Mkono wa breki unakuja hadi kwenye mpini na pikipiki haisimami. Dakika kumi baadaye, zikishapoa, zinashika vizuri kabisa, na fundi atakuambia hazina tatizo. Kwenye mteremko mrefu weka gia ya pili au ya tatu, acha injini inguruma, halafu breki utumie kwa kushika na kuachia. Mafuta unayookoa kwa kuachia fri kwenye mteremko mmoja hayajazi hata kikombe cha chai.

Sasa turudi kwa huyu anayeuza.

Usianze kwa kuwasha. Muombe aisimamishe kwenye stendi kubwa, halafu zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kwa uhuru, labda likikwaruza kidogo sana. Likiwa zito, kuna uwezekano breki zimekazwa asubuhi hiyo ili wewe ukijaribu uone zinashika. Sasa angalia nati iliyopo mwisho wa kile chuma kirefu kinachotoka kwenye pedeli. Kama nati imeshakazwa hadi karibu na mwisho wa uzi, breki shuu zimeisha. Pia pikipiki nyingi zina kishale kidogo kwenye kifuniko cha breki, pale kinapozungukia kile kimkono cha chuma. Mwambie mtu akanyage breki, na wewe uangalie kishale. Kikifika kwenye alama iliyochorwa kwenye kifuniko, ni za kubadilisha.

Lakini kishale kinadanganyika, na hapa ndipo mafundi wetu wa vichochoroni wana utundu. Kile kimkono kimekaa kwenye meno. Fundi anaweza kukitoa, akakirudisha jino moja au mawili nyuma, na ghafla nati ina uzi mwingi wa kukaza kana kwamba breki shuu ni mpya. Utamjua hivi: breki ikikanyagwa, kona kati ya kimkono na kile chuma kirefu haitakiwi kuzidi kona ya mraba. Ikizidi sana, ama breki shuu zimeisha ama kimkono kimechezewa. Wapo pia wanaoweka kibati kwenye ncha ya breki shuu pale inapokutana na kile chuma kinachozitanua, ili ziongeze miezi miwili. Hilo ni hatari kuliko breki shuu zilizoisha, kwa sababu kibati kikichomoka, gurudumu linaweza kukwama katikati ya mwendo. Huwezi kukiona bila kufungua gurudumu. Kwa hiyo omba lifunguliwe. Muuzaji akikataa gurudumu lisifunguliwe wakati wewe umeshika fedha taslimu mkononi, mimi ningerudi nyumbani na fedha zangu.

Likifunguliwa, angalia kikombe chenyewe kwa ndani. Mara nyingi kiwandani huandikwa ukomo wa upana wake. Kwa mfano kikombe cha milimita 110 huandikiwa ukomo wa 111. Milimita moja tu, basi. Pitisha kidole: ukikuta ukingo uliosimama kama mdomo wa sufuria, kikombe kimeliwa, na kukibadilisha ni gharama maana huwa kimeungana na kitovu cha gurudumu. Breki shuu zenyewe kwa pikipiki hizi ndogo nyingi, zikibaki chini ya milimita 2 za ule ukoko unaoshika, ni za kutupa. Ukikuta zimelowa oili au grisi, hata kama ni nene, zitupe. Kuna watu wanazichoma kwa petroli ili oili itoke. Ikitoka ya juu, ya ndani inarudi siku zikipata moto.

Halafu kuna chuma kimoja ambacho karibu hakuna anayekikagua. Kinatoka kwenye kifuniko cha breki ya nyuma hadi kwenye uma wa nyuma, na kazi yake ni kuzuia kifuniko kisizunguke pamoja na gurudumu. Angalia nati zake mbili na pini zake. Nimeshaona kimefungwa kwa waya wa kufungia uzio. Nati hiyo ikitoka siku umekanyaga breki kwa nguvu, kifuniko kinazunguka, kile chuma kirefu kinapinda, na gurudumu linafunga. Ukikuta sehemu hiyo imechomelewa tena na welda, kataa pikipiki. Hilo halina bei ya kupunguzwa.

Breki ya mbele ina hadithi yake. Vijijini kuna imani kwamba breki ya mbele inapindua, kwa hiyo nyingi zimelegezwa kabisa au waya umetolewa na kutupwa. Mimi napinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito unakimbilia mbele, na mteremko unauongezea. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Kwa hiyo inayoweza kukusimamisha kwa umbali mfupi ni ya mbele. Ni kweli kwamba ukiwa na gunia mbili nyuma ya keria, gurudumu la nyuma linapata nguvu zaidi ya kawaida, na ni kweli kwamba kwenye mchanga au tope ukiminya ya mbele ghafla unaanguka. Dawa yake ni kuminya taratibu, ukiongeza kadiri uzito unavyokuja mbele, huku ya nyuma ukiikanyaga pamoja. Kung'oa waya si dawa. Nenda uwanja wa mpira jioni watoto wakishaondoka, ujizoeze kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa bila mzigo. Na kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Aliyesimama kwa mita 5 akiwa kwenye 20 atahitaji mita 20 akiwa kwenye 40, bado hujahesabu muda wa yeye kushtuka.

Ukikuta pikipiki unayotaka kununua haina waya wa breki ya mbele, usiishie kuweka waya mpya. Kilichokaa bila kufanya kazi mwaka mzima huwa kimeshika kutu ndani. Fungua, safisha, ndipo uamue. Na kama waya upo, uangalie pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Nyuzi moja au mbili zilizokatika zinatosha kukuambia huo waya hauna safari ndefu.

Wapo wanaoniuliza kuhusu diski. Diski inashika vizuri kuliko kikombe na inapoa haraka, hilo silibishi. Lakini kabla hujanunua, nenda duka la vipuri unalolitegemea na uulize kama pedi za aina hiyo zipo, na kama kuna mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kulingana na kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo pale kwenye usukani. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi joto 230, lakini ikishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mkono wa breki unazama kama unaminya sponji. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Pikipiki iliyotumika yenye mafuta ya breki meusi kama chai ya rangi haijabadilishwa muda mrefu. Na usikubali mtu akuongezee oili ya injini humo. Inaharibu mipira yote ya ndani. Kwa maoni yangu, kijiji kilicho mbali na duka la vipuri ni afadhali kikombe kinachotunzwa kuliko diski isiyo na pedi.

Mwingine anavutiwa na pikipiki ndefu za zamani zinazotoka kwenye minada ya miradi na mashirika: Honda XL 125, Yamaha DT 125, Yamaha AG 100. Ni pikipiki zilizojengwa kwa safari na kwa njia mbovu. AG hasa ilitengenezwa ikimlenga mkulima. Ina keria mbele na nyuma na cheni yake imefunikwa isile vumbi. Siwakatazi. Ila DT na AG ni injini za stroku mbili, na injini hizo hazikushiki mlimani kama za stroku nne. Ukifunga mafuta ukiwa kwenye gia, inateleza tu. Breki zake zinabeba kazi kubwa zaidi, na mteremko mrefu ukifunga mafuta moja kwa moja injini inapata oili kidogo, kwa hiyo ifungulie kidogo mara kwa mara. Anayekaa tambarare kama Kyela au Kilombero haitamsumbua. Anayekaa Mgeta afikirie mara mbili.

Baada ya ukaguzi wote huo ndipo uwashe na ujaribu. Barabara tupu, mwendo wa polepole, ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha zote. Ikivuta upande, chunguza matairi na mhimili. Pedeli ikikusukuma mguu kwa mapigo kama moyo, kikombe si duara tena. Mwisho mpakie mtu mzima nyuma, panda kimlima, usimame katikati. Breki ya nyuma peke yake ishike bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Kasoro za breki shuu, waya na grisi zisikufukuze. Ziandike, ulize bei dukani, uzitoe kwenye bei ya pikipiki mbele ya muuzaji. Ukizilinganisha na bei ya tairi moja utaona ni fedha ndogo, na ndiyo maana inauma kuona mtu anapoteza mguu kwa ajili yake.

Karatasi nazo ni sehemu ya ukaguzi, nitazipitia haraka. Kadi iwe halisi, si kivuli. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizogongwa kwenye chuma. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mkataba, kijana anaendesha lakini bado hajamaliza kulipa, na mwenye mali yupo mjini. Andikishianeni mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa kijiji na mashahidi, kisha mkabadilishe umiliki TRA. Ukichelewa, makosa ya barabarani yatazidi kumfuata yule wa zamani, na siku akigeuka huna cha kumshika nacho.

Ikishakuwa yako, utunzaji wake hauhitaji shule. Mara moja kwa wiki angalia mchezo wa pedeli: ishuke kama sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijaanza kushika. Mkono wa mbele usifike kwenye mpini hata ukiminya kwa nguvu zote. Kila ukikaza cheni, gurudumu la nyuma linarudi nyuma na kile chuma cha breki kinajikaza chenyewe. Wengi hawajui hili. Wanakaza cheni, wanaondoka breki ikiwa imeshika, na wanashangaa kikombe kinaunguza mkono. Ukimaliza cheni, legeza nati ya breki na uipime upya.

Kila baada ya miezi mitatu, na lazima baada ya masika, fungua magurudumu usafishe. Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya breki shuu, hasa za zamani na za bei ya chini, zina asbesto, na hiyo inaua mapafu taratibu. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukifukie. Grisi ipake kidogo sana kwenye chuma kinachotanua breki shuu na kwenye pini ya upande wa pili. Tone la ziada likipata moto linaingia pale pasipotakiwa.

Ninyi mnaobeba mbolea, na akina mama mnaobeba dagaa wa chumvi, mna adui wa ziada. Urea, CAN na chumvi vinavuta unyevu na kula chuma. Mfuko ukipasuka, osha pikipiki siku hiyo hiyo kwa maji mengi, na waya za breki uzitie oili. Na ukivuka mto au jaruba, breki zilizolowa hazishiki. Ukitoka majini endesha polepole huku umekanyaga breki kidogo hadi uhisi zimerudi, ndipo uongeze mwendo.

Nina neno kwa wewe mwenye pikipiki ambaye huiendeshi. Umempa kijana wa jirani, kila jioni anakuletea hesabu. Akikuambia breki zimeisha, unamwambia atoe kwenye faida yake. Yeye faida yake ni ya kula, kwa hiyo anakaza nati, kesho anakaza tena, mpaka uzi unaisha. Siku akimgonga mtoto wa shule pale darajani, kijiji kitamlaumu yeye, na polisi watamchukua yeye. Lakini breki zilikuwa zako. Toa hesabu ya siku moja kila baada ya miezi mitatu iwe ya breki, na ununue breki shuu wewe mwenyewe, umpe mkononi.

Breki shuu mpya zikishafungwa, zisitumike na mzigo siku hiyo. Endesha kilomita kama mia moja bila gunia, ukishika breki taratibu mara nyingi ili zikae sawa na kikombe. Kisha pima tena mchezo wa pedeli, utakuta umeongezeka. Kaza, na ndipo uanze kupakia.